Kichwa cha Mkate Kina Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nimsalimie mama. Nilikuwa kijana kutoka Kasaji, mwenye masharubu mapya na viatu vya kuazima, nimesimama katika jiko la nyumba ya wageni ya kampuni ya migodi, hapa Kolwezi. Nilitazama huku na huku nikimtafuta huyo mama. Hakukuwa na mwanamke yeyote. Kulikuwa na mtungi wa udongo uliofunikwa kitambaa, na nyuma yake mtu mfupi mnene, nyusi zimejaa unga. Huyo ndiye Tata Kabeya, shefu wa mikate.

"Njo huyu," alisema, akafunua kitambaa. "Salimia mama."

Ndani mlikuwa na uji mzito wa unga wa ngano, unatoa mapovu na kunuka kama munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi, uliolala siku tatu.

"Jambo, mama," nikasema. Jiko zima likacheka, nami nikataka kurudi Kasaji kwa miguu.

Ilikuwa chachu. Nyinyi vijana mnainunua kwenye pakiti, mkiimwaga haina kinyongo. Ile yetu ilikuwa hai. Kila asubuhi unatoa nusu yake kwa kukandia mkate, kisha unairudishia unga na maji, ichachuke tena hadi kesho. Sheria ya shefu ilikuwa moja: "Mama anakula mbele, wewe nyuma. Ukimusahau siku mbili, bote tutakula mawe." Na sheria hiyo ilikuwa na malipo yake. Mkate wa kwanza wa siku ukikatwa, kile kipande cha pembeni chenye ganda gumu kuliko vyote, tulichokiita kichwa, kilikuwa mali ya aliyemlisha mama asubuhi ile. Hata injinia mkuu angekiomba, asingekipata.

Miaka miwili sikugusa tanuru. Nilianza na ufagio, nikapanda hadi beseni. Hapo nilikosea kosa la kila mtoto wa Katanga: nilisonga donge la mkate kama bukari, ugali wetu, kwa nguvu zote za mabega, hadi likawa gumu. Shefu alinipiga mkono kwa taulo.

"Bukari haiko hii! Mukate haupiganake na wewe. Kunja, wacha ilale."

Basi nikajifunza kukunja. Donge liwe laini, karibu lishike vidole. Unalivuta pembe, unalikunja kama kitenge, unaliacha lipumzike, unarudia. Likishavimba unalichanja kwa wembe, unaliingiza tanuruni, na hapo hapo unamwaga kikombe cha maji juu ya matofali ya moto ufunge mlango. Mvuke ule ndio unaolipa ganda ung'avu wake. Mkate ukitoka, usiukimbilie na kisu. Ganda likikutana na hewa hupasuka kidogo kidogo, ta, ta, ta, na shefu alikuwa akiinamisha sikio. "Unasema," alininong'oneza. "Wacha umalize."

Pamoja na mkate yalikwenda mafuta ya zeituni. Yalitufikia kwenye makopo, na shefu aliyapasha taratibu tu, kidole kiweze kuvumilia, maana yakichemka yanakuwa machungu. Ndani alitia kitunguu saumu kilichopondwa, chumvi, majani ya rosmarini yaliyoota nyuma ya jiko, na lumba-lumba, mrehani wetu wa hapa, ambao wageni kutoka ng'ambo hawakuwahi kuuonja kwao. Wageni walichovya mkate katika visahani vile hadi wakasahau nyama. Jeranti, yule mama aliyesimamia nyumba yote, alilalamika: "Kabeya, mafuta yako inanitupia mpishi wangu kazi bure." Alilalamika huku anachovya.

Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikusema.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mitambo ilinyamaza mmoja baada ya mwingine, wageni wakapungua, makopo ya zeituni yakakoma. Tukatumia mafuta ya karanga na majani yale yale. "Mafuta ni masikini," alisema shefu, "lakini lumba-lumba haijue." Tuliendelea hivyo, tukichekeshana, hadi siku ambapo njaa ya mji ilitafutiwa wa kulaumiwa.

Tata Kabeya alizaliwa hapa Kolwezi. Baba yake alitoka mkoa wa Kasai, akaletwa kuchimba shaba. Yeye mwenyewe Kasai hakuijua. Aliijua kwa nyimbo za mama yake tu. Lakini watu wa asili ile waliambiwa waende kwao, wakapewa jina ambalo sitaliandika hapa. Vijana walipita mitaani wakiimba, na nyumba zikahamwa na wenyewe zikiwa bado na sufuria motoni. Shefu alifanya kazi hadi siku ile mlango wake ulipovunjwa. Asubuhi iliyofuata hakuja. Alikuwa kwenye kituo cha reli na mke wake na binti yao mdogo, Ntumba, kati ya maelfu waliolala kwenye saruji wakingoja treni.

Jeranti aliniita. "Tanuru ni yako sasa. Usiulize mingi."

Kutoka jikoni hadi kituoni ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Sikwenda. Aliyewapelekea chakula alionekana msaliti, na mimi nilikuwa na mke mwenye mimba. Siku ya kwanza nilisema kesho. Wiki ya kwanza nilisema treni hakika imeshawachukua. Nililokuwa nalifanya kwa uaminifu wote ni kumlisha mama kila asubuhi kabla sijala. Nilijidanganya kwamba kumtunza yeye ni kumtunza Tata Kabeya. Mke wangu hakudanganyika. "Ule mutungi unakulaka kila siku," aliniambia. "Na mwenye mutungi, nani anamupatiaka?"

Nikafanya nililopaswa kulifanya mapema. Nilipaka chachu kama ngozi nyembamba juu ya kitambaa, nikaikausha karibu na tanuru, nikaivunja vipande vidogo. Chachu ikikauka hivyo inalala tu, haifi. Ukiipa maji inaamka. Niliifunga kwenye pembe ya kitenge, nikachukua mikate mitano na chupa ya mafuta yenye majani, nikaenda mchana kweupe. Ilikuwa wiki ya tano.

Alikuwa amekonda hadi nilimtambua kwa mikono. Niliweka vitu mbele yake.

"Shefu, nimekuletea mama."

Alipapasa fundo la kitenge, akalinusa, akalitia kifuani. Kisha akachukua mkate, akaugonga chini kusikia kama umeiva. Akaniuliza, "Nani alimulisha leo?"

"Ni mi, shefu."

Alikata kichwa. Alikishika muda mrefu mkononi. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wangu, maana ndiyo ilikuwa desturi yetu. Akanitazama, akampa Ntumba.

"Asante juu ya mukate," alisema. "Rudia kazini."

Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Baada ya siku chache treni iliwachukua kupitia Tenke kwenda nchi asiyoijua. Nikabaki shefu.

Nilikaa kwenye kazi ile hadi nyumba ya wageni ilipofungwa. Nikajenga tanuru uani kwangu kwa udongo wa kichuguu, nikaokea mtaa. Watoto wangu wamekula kwa mama yule yule. Lakini kichwa cha mkate sikukila tena. Kila nikimaliza kukata niliwapa wengine, nikisema meno yananiuma, na kwa uzee uongo huo umegeuka kuwa kweli: yamebaki manne.

Mwaka jana mwanamke mwenye mizigo ya biashara alibisha hodi. Alikaa, akakubali maji, akasema yeye ni Ntumba, na kwamba Tata Kabeya amefariki, mzee, kitandani kwake, akiwa na tanuru yake na wateja wake. Nililia mbele yake bila haya. Nilipomaliza, alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kipande kimoja cha mkate kilichokauka kama tofali.

"Kila siku alikuwa anakataka kichwa, anaweka pembeni ku sahani," alisema. "Ata wakati wa njaa. Batoto hatugusi mpaka magaribi. Tukiuliza, anasema: 'Wacheni. Ile iko na mwenyewe, eko Kolwezi.' Hii njo ya mwisho alikata ye mwenyewe. Akaniambia nikuletee."

Niliinuka kwenda kuchuma lumba-lumba, maana sikutaka aone uso wangu mara ya pili. Nikapasha mafuta, nikatia kitunguu saumu na chumvi, nikaleta kisahani.

"Siku alikata hii, nani alimulisha mama?" nikamuuliza.

"Ni mi."

Nikavunja kile kichwa vipande viwili, kimoja chake, kimoja changu, tukachovya, tukangoja vilainike.