Sauti ya Pili Kwenye Santuri ya Mwingereza

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye fleti ya bosi wangu kule Malaz, Riyadh. Sikuwa na homa wala sikuota.

Bosi alirudi kutoka Jeddah na santuri kuukuu aliyoinunua kwenye soko la Balad. Ilikuwa albamu ya Mwingereza mmoja aliyeacha bendi yake akaimba peke yake, ile pop ya magitaa inayokufanya upige deki ukicheza. Nyuma ya jalada waliandika kwamba kila sauti humo ni yake. Sasa niambie, yule mwanamke aliyekuwa akisikika kwenye kila kiitikio alitoka wapi?

Bosi alisema ni masikio yangu. Lakini binti mdogo wa bosi na madam, Rima, alimsikia, akawa anaimba naye kutwa. Mwanzo koo likamkauka, baadaye sauti ikapotea kabisa, hata akilia ni machozi tu. Madaktari walimpima wakasema koo ni zima. Na yule mwanamke wa kwenye santuri, haki ya Mungu, akaanza kusikika kama Rima! Mimi ndiye niliyekuwa nikimwamsha na kumlaza; sauti yake naijua. Niliumia, jameni. Nilimsihi madam aitupe ile santuri, akasema ndiyo furaha pekee iliyombakia mtoto.

Siku moja baada ya chakula cha mchana wakubwa walikuwa wamelala, na Rima yuko chumbani kwake, santuri inazunguka. Nikatoka jikoni, nikamkuta mwanamke ameketi sebuleni, abaya nyeusi, uso wazi, mzuri kupita kiasi. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo la ndani.

"Nipe kahawa," akaniambia kwa Kiarabu.

Alisema kwa sauti ya Rima! Na alipofungua mdomo, kule chumbani sauti ya pili ilinyamaza, Mwingereza akabaki peke yake. Alipofunga, ikarudi. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema, lakini huyu alikuja ili mwenyeji augue.

Ningepiga kelele? Labda wewe. Mimi nilikumbuka mama yangu kule Kakamega: mgeni ukimwogopa, mshibishe. Kazi ya kumiminia wageni kahawa ilikuwa ya bosi mwenyewe, mimi mwisho wangu ulikuwa jikoni. Nikaleta dele la kahawa na finjani, kile kikombe chao kidogo. Kwetu ukimpa mgeni kikombe nusu, utasemwa mpaka kanisani. Basi nikajaza, nikajaza, hadi kahawa ikanimwagikia kidole.

Akaitazama ile finjani. Uso ukamshuka.

"Unanifukuza?"

"Kunywa, mama, nyingine ipo."

"Hakuna nyumba iliyowahi kunifukuza," akasema, na sasa sauti ilikuwa nzito, ya ajuza. Akanywa yote kwa mkupuo, akasimama, akapita kwenye mlango bila kuufungua.

Papo hapo chumbani nikasikia, "Dada! Nina njaa!"

Wacha nipige vigelegele! Madam alitoka mbio bila viatu, akamkumbatia mwanawe akilia. Nilipomweleza habari ya finjani, akacheka huku machozi yakimtoka. "Kwetu humiminwa kidogo tu," akasema. "Ukijaza, unamwambia mgeni anywe aende zake!"

Mimi ningejua wapi? Ujinga wangu uliwashinda madaktari wote, na sioni haya kujisifu.

Siku hizi tunaishi Jeddah, Al-Nuzha. Rima anaimba mpaka majirani wanagonga ukuta, nami simnyamazishi ng'o. Kile kidole changu hakihisi moto tena. Nageuzia chapati, njoo uone. Na wewe unayependa kununua vitu vya watu sokoni, nisikie vizuri. Santuri mpya kwako isikilize ukiwa na mwenzako. Ukisikia sauti ambayo yeye haisikii, nyamaza, hata wimbo uwe mtamu vipi. Sauti uliyo nayo ni moja tu.