Goti la Mtu wa Kinyago

Kabla hajaimba neno lolote, mdogo wangu hupiga goti moja mbele ya viti vya wazee, kinyago kikiwa usoni. Mashabiki wanabishana sana mitandaoni kuhusu goti hilo. Mmoja kaandika kwamba ni masharti ya mganga. Mwingine, anayejiita mchambuzi wa sanaa, anasema ni heshima kwa wanamuziki waliotangulia mbele ya haki. Binti mmoja wa Mbweni anaapa kuwa kijana aliwahi kuvunjika mguu, na ameshaulilia mguu huo mara mbili kwenye video. Mimi ndiye meneja wake. Nayasoma yote hayo na kukaa kimya, maana kukaa kimya ndiyo kazi yangu. Lakini goti lile lilianzia kwetu Temeke, mezani kwa mama, na kila nikilikumbuka naona aibu.

Mdogo wangu aliimba singeli miaka minne bila kinyago na hakuna aliyemjali. Sauti alikuwa nayo. Tatizo, mtaa mzima ulimjua. Akipanda jukwaani, mtu wa nyuma anampaazia sauti kumuuliza kama kwao umeme umesharudi. Hakuna anayepagawa kwa msanii aliyemwona asubuhi kwenye foleni ya maji na ndoo mbili.

Mimi ni karani, na miaka yote ya ofisini imenifundisha jambo moja: bosi anayefunga mlango huogopwa kuliko anayeuacha wazi, hata kama huko ndani amelala. Nikaamua kumfungia mdogo wangu mlango. Nilikata mguu wa suruali yangu nyeusi ya kazini, nikatoboa matundu ya macho na mdomo, nikamvalisha. Nikamwambia kwamba akishakivaa hakivui mbele za watu, haongei na mtu, na hamsalimii yeyote.

"Hata wazee, braza?"

"Hao ndio kabisa. Ukishasema shikamoo, umeshakuwa mtoto wa mtu."

Haukupita mwezi, suruali yangu ikawa maarufu. Watu wa Wazo walisema uso wake uliungua na moto. Wa Kawe walisema ni mtoto wa mkubwa fulani, anajificha baba yake asimjue. Watu waliokuwa wakimwona kila siku akinunua vocha walisimama juani saa nzima kusubiri gari lake, na yeye alikuja kwa bodaboda. Mimi nilijinunulia miwani myeusi mipana na kofia ya kushusha mpaka kwenye nyusi ili nisitambulike, nikawa nasimama nyuma yake bila kutabasamu, na watu wakaanza kuniogopa hata mimi. Niliipenda sana ile miwani.

Tuliyemficha hasa alikuwa mama. Si kwamba angekataa. Mama ni mwalimu mstaafu kutoka Bukoba, mwimba kwaya, na angefurahi mno. Angefurahi Jumamosi, Jumapili kwaya nzima ingejua, na Jumatatu Temeke yote. Tukamwambia kijana amepata kazi kwenye ghala la saruji. Akamshukuru Mungu, na kila wiki akawa anamfulia nguo za kazi kwa mikono yake.

Tena kwa mama salamu si jambo la mzaha. Tangu tukiwa wadogo, chai haimiminwi mpaka umepiga goti ukasema shikamoo ikasikika. Ukiisema kwa kumung'unya, unarudishwa mlangoni ukaanze upya. Mimi nimerudishwa mlangoni nikiwa na ndevu.

Basi akatokea mratibu wa matamasha aliyetaka kumsaini mdogo wangu kwa mwaka mzima. Alitaka kwanza amwone mbele ya watu, na shughuli pekee tuliyokuwa nayo wiki ile ilikuwa harusi ya alasiri, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Nilitaka kukataa, maana mama angeweza kuwepo. Nikamuuliza mama ratiba yake, akasema ana mazoezi ya kwaya, nikakubali. Mratibu alinieleza msimamo wake bila kuficha: "Mie nanunua siri, kaka. Siku wakijua huyu mtoto wa mama fulani, ishu yetu imeisha."

Kutoka chumba cha kuvalia kwenda jukwaani ilibidi tupite mbele ya viti vya wazee. Na pale mbele, kwenye kiti cha tatu, alikuwa amekaa mama na soda yake mkononi. Mazoezi yalikuwa yameahirishwa.

Mdogo wangu alisimama mbele yake. Niliona goti lake la kulia likianza kujikunja lenyewe, kama lilivyojikunja kila asubuhi ya maisha yake. Mratibu alikuwa hatua tano kutoka pale, anatutazama. Nikamsukuma mgongoni. "Twende," nikamnong'oneza. Tukampita mama yetu.

Jirani aliyekaa karibu naye akasema kwa sauti, "Jitu zima linapita wazee kama linapita nguzo za umeme." Mama alikunywa soda yake.

Mratibu alifurahi kupita kiasi. "Kampita bi mkubwa wa watu hata hajamtazama," aliniambia. "Huyo ndiye ninayemtaka. Jumatatu mje tusaini." Ningepaswa kushangilia. Mdogo wangu alitangulia nyumbani peke yake, na nilipofika mama alikuwa ameshaingia chumbani kusali.

Asubuhi tulimsalimia, akaitikia kama kawaida, akamimina chai. Mara hodi, jirani yule yule. Alikaa, akapewa kikombe, kisha akatoa lililomleta.

"Mwalimu, wanasema yule wa kinyago ni kijana wako. Eti mwendo ndio huu huu."

Niliweka chini kipande cha muhogo. Mdogo wangu aliinamia sahani.

"Yule?" mama akasema. "Hapana. Mwanangu mie hawezi kunipita bila kunisalimia. Hata angekuwa anapelekwa kunyongwa."

Jirani akakubali papo hapo. Alisema ni kweli, watoto wa mwalimu wana adabu, akamaliza chai yake akaenda. Kufika mchana uvumi ulikuwa umekufa mtaa mzima. Suruali yangu isingeweza kuilinda siri ile kama mama alivyoilinda kwa maneno machache, na sikuwahi kujisikia mdogo kama asubuhi ile.

Mama alifunga mlango, akarudi kukaa.

"Tangu uanze kazi ya saruji," akamwambia mdogo wangu, "sijaona vumbi kwenye ukosi wako hata siku moja. Nilikuwa nasubiri uniambie." Akasogeza kikombe pembeni. "Ya leo nimeitikia. Ya jana iko wapi?"

Mdogo wangu alishuka kitini akapiga goti sakafuni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeimba vizuri."

Akalia, kijana wa miaka ishirini na sita, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Mimi nilikuwa nimejishughulisha na sukari, nakoroga chai iliyokwisha kukorogwa, nikiamini mambo yameisha.

Mama akanigeukia.

"Na wewe, mwenye miwani?"