Moyo wa Jiwe na Ukurasa Uliofuata

Walimu wenzangu, leo nimemcheka mama mtu mzima mbele ya darasa, kumbe yeye ndiye aliyesema kweli.

Nabandika karatasi hii mlangoni mwa klabu yetu kabla sijapata akili ya kuificha.

Ilikuwa jioni, kwenye kisomo cha watu wazima alichotuletea Bwana DC. Nawasomea wanafunzi hadithi ya majini na wafalme. (Sikuipitia nyumbani kwanza. Ndiyo, najua.)

"Malkia yule alikuwa na moyo wa jiwe."

Mama Tumpe, anayeshuka mlimani kuuza viazi, akanyoosha mkono. Tangu aanze kisomo hajawahi kuuliza kitu.

"Mwalimu, hilo jiwe limeshalainika? Maana la kusagia likilainika, lazima uligongagonge upya liparuze, ndipo lisage."

Nikacheka. Darasa zima likacheka nami.

"Mama, huo ni mfano tu! Maana yake hana huruma."

Akaushusha mkono polepole.

Nikafunua ukurasa.

Malkia anakifungua kifua, anautoa moyo, anausagia ulezi! Tena anaanza kwa kuugongagonga, kwa kuwa umelainika.

Nikafanya nini? Nikafunga kitabu. "Muda umekwisha."

Mlangoni Mama Tumpe akapiga goti kidogo. "Unisamehe, Mwalimu. Sisi wa shamba tunauliza ujinga."

Nikamjibu, "Usijali, mama." Na kidole changu bado kiko kwenye ukurasa ule.

Penseli nimeifunga hapo kwa uzi. Niandikieni chini: kesho nianzeje, kama atakuja?