Ganda la Mgomba Katikati ya Herufi

Anatolia wa Izigo, aliyebaki mjane kabla hajazaa, hakuwa mwanamke wa kuogopa ovyo. Nyoka aliwaua kwa jembe, na radi za Ziwa alizisikiliza huku akimenya ndizi. Lakini vitu viwili vilimkausha mate: mlio wa herufi za madini za kupigia chapa zikimwagika sakafuni, na sauti ya shemeji yake Ishengoma akisema "mke wetu". Mwaka wa kisomo cha watu wazima, vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinaanza upande wa Muleba, vitu hivyo vilimjia kwa pamoja siku moja.

Mume wake alipofariki, ukoo ulikaa ukaamua Ishengoma arithi vyote, kibanja, yaani shamba la migomba, pamoja na mjane. Anatolia hakubisha mbele ya wazee. Alingoja kupambazuke, akavaa gauni la kanisani, akapanda gari la Bukoba kama mtu anayekwenda kuungama, na hakurudi. Huko mjini, nyuma ya kanisa moja, palikuwa na kiwanda kidogo cha kupiga chapa. Mkuu wake, Mzee Kaijage, alimuuliza kama anajua kusoma.

"Nimemaliza la nne, waitu," alijibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Na darasani hakuna mvulana aliyenipita."

Hilo la pili hakuulizwa. Kaijage alicheka, akampa aproni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila herufi ilikuwa kipande chake cha madini ya risasi, imegeuzwa kama unavyoiona kwenye kioo. Ulishika kibao cha chuma kwa mkono wa kushoto, ukapanga herufi moja moja mpaka mstari ujae. Na kujaa kwa mstari si kuhesabu herufi, hapana. M ni nene kama mama mwenye duka, i ni nyembamba kama ufito. Maneno mawili yenye herufi sawa kwa idadi hayalingani upana. Kwa hiyo kati ya maneno ulichomeka vipande vitupu, vinene au vyembamba, mpaka mstari ubane kutoka ukingo hadi ukingo. Mistari yote ilipaswa kuwa na upana mmoja, na haikuwa kwa ajili ya urembo. Ilifungwa ndani ya fremu kwa kabari, kisha fremu ikainuliwa mikononi kupelekwa kwenye mashine, na chini yake hakuna kitu. Herufi zilishikiliwa na kubanana tu. Mstari mmoja ukilegea unadondoka, unaofuata unaufuata, na ukurasa wote uko miguuni mwako.

Ukurasa mmoja ulikuwa umekwisha kummwagikia. Kaijage hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwingine ukimwagika, binti, utarudi kwenu." Na kwenu, kwa Anatolia, palikuwa kwa Ishengoma.

Basi asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha, hewa imeloa mpaka kuta zinatoa jasho. Anatolia alikuwa anapanga ukurasa wa kitabu cha kisomo: ba, be, bi, bo, bu, zimepangwa wima kama miche ya kahawa, na nafasi pana katikati. Nafasi hizo zilikula vipande vitupu vyote vyembamba vilivyokuwa sandukuni. Mistari ya mwisho ikabaki inacheza, kila mmoja kidogo tu, upana wa ukucha wa mtoto. Na lori la vitabu lilikuwa linaondoka mchana kwenda kijiji cha Kishanda.

Chakula chake kilikuwa kimefungwa kwa ganda la mgomba. Alilitazama. Wapi mwanamke wa Kihaya amekosa kufunga kitu kwa ganda la mgomba? Akalichana vipande vyembamba kwa wembe, akavichomeka kati ya silabi. Mistari ikabana vizuri, fremu ikakazwa kwa kabari. Kaijage akapitisha kidole juu yake akasema, "Imekaa." Anatolia akaona fahari, na hakueleza.

Mvua ilikatika. Alipotoka kumwaga maji, alimkuta Ishengoma amekaa kwenye benchi la mlangoni, kofia juu ya goti. Magoti ya Anatolia yalikunjika yenyewe kumwamkia, kama yalivyofundishwa.

"Mke wetu, umenenepa," alisema Ishengoma. "Mjini kuna nini, mnakula karatasi?"

"Karibu, shemeji. Umekuja lini?"

"Nimekuja kutafuta jembe. Nikasikia huyo mzee wako hana mchezo, akikasirika mtu anatoka na aproni yake. Nikasema, acha nikae karibu. Siku akikutoa, usihangaike na gari. Utanikuta."

Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha.

Akarudi ndani. Jua lilikuwa limetoka kali, bati linalia juu, na chumba kimepata joto la jikoni. Kwa mazoea tu aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Ulisogea kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akagusa wa juu yake, nao ukasogea. Maganda yalikuwa yanakauka. Yalichomekwa yakiwa na unyevu, sasa yanajikunja, kila moja linaacha upenyo wake.

Datius, kijana wa mashine, akaingia anapiga mluzi, akakunja mikono ya shati.

"Dada Anatolia, mbona umesimama kama sanamu ya Bikira? Nipishe nimbebe mtoto," alisema, akiinyooshea fremu kidole.

Angeweza kunyamaza. Mzee alikwisha kusema imekaa. Pengine zingeshika mpaka kwenye mashine, hatua chache tu. Na zikimwagika, zingemwagika mikononi mwa Datius, si mwake. Dirishani ilionekana kofia ya Ishengoma, sasa iko kichwani. Alikuwa amesimama, anachungulia. Datius akashika kingo za fremu, akainua upande mmoja.

"Usiinue!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Datius aliganda. Herufi moja ikadondoka mezani, ikabiringika, ikaanguka sakafuni kwa mlio mdogo: ti!

Kaijage alikuja. Aliona ukingo mkavu wa ganda umechomoza kati ya bo na bu, akauvuta kwa ncha ya kucha, akaunusa.

"Hili ni la ndizi za kupika," alisema.

"Ndiyo, waitu." Anatolia alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Datius hana kosa. Vipande vilikwisha, nikaweka haya. Mimi peke yangu."

Nje, lori lilipiga honi.

"Mama yangu alikuwa anasuka mikeka," Kaijage alisema hatimaye. "Ganda likikauka kabla hajamaliza, alifanyaje?"

"Alilinyunyizia maji."

"Sasa unalia nini? Lete maji."

Walikamua kitambaa juu ya mistari, tone kwa tone, Datius ananong'ona sala kwa utani usio utani. Wakangoja. Kaijage akakaza kabari. Aliweka kidole yeye kwanza. Kisha alimshika Anatolia mkono, akakiweka kidole cha binti pale pale. Mstari ulikuwa mgumu kama ubao.

"Inua wewe," akamwambia.

Akainua. Fremu ilikuwa nzito kama mtungi uliojaa, na chini yake sakafu tupu. Kila hatua alisikia mlio ambao haukutokea. Mpaka karatasi ya mwisho inatoka, alisimama kando ya mashine na kitambaa chenye maji, anagusa, anasikiliza.

Lori lilipoondoka, Ishengoma alikuwa bado mlangoni. Anatolia alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani mbele ya Kaijage. Mzee aliitazama.

"Inafuliwa Jumamosi," alisema. "Leo siyo Jumamosi. Na kesho chakula chako ukifunge kwa kitambaa."

Kisha akafungua mlango mwenyewe; maneno ya benchi yalikuwa yamemfikia ndani. "Bwana wa Izigo, maduka ya majembe yako kule chini. Hapa tunapanga herufi."

Anatolia alizipanga mpaka nywele zilipobadilika rangi. Lakini hakuna ukurasa aliouachia bila kuurudia kwa kidole, mstari kwa mstari, na jua likitoka baada ya mvua aliurudia tena.