Jembe la Kwanza Bondeni

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumanne ya mwisho wa Septemba, tarishi wa mwanzagila alisimama juu ya bonde letu akapuliza pembe. Saa ninaijua kwa sababu nilikuwa nayo mkononi. Niliinunua kwa mshahara wa mashamba ya chai ya Mufindi, na majirani walikuwa bado wananicheka kwamba jua la Mungu halinitoshi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Sisi wa vijijini hatukumwona Mwingereza mara nyingi. Tuliyemwona ni mwanzagila, aliyetawala eneo letu kwa niaba ya mtwa, chifu mkuu wa Wahehe, akikusanya kodi na kukata kesi. Mwaka ule alikuja na bwana shamba, mtu wa pwani aliyevaa koti zito hata mchana, na amri mpya: ni marufuku kulima karibu na mto. Vinyungu vyote vibomolewe.

Kwa asiyevijua, vinyungu ni matuta makubwa tunayoyainua bondeni wakati wa kiangazi. Nyasi hulazwa chini, udongo hupandishwa juu yake, na kati ya tuta na tuta huachwa mfereji wa maji. Mahindi na maharage ya huko huiva mvua za mlimani zinapoanza, yaani wakati ambao ghala limebaki vumbi. Mama yangu alikuwa mjane. Vinyungu vyake alipewa na baba siku za mwanzo za ndoa yao, na mahindi ya mwaka ule yalikuwa yamefika magotini. Kama vinyungu vingebomolewa, tangu Desemba hadi Machi tusingekuwa na cha kula. Bwana shamba alisema mto utakauka. Tangu hapo nimesoma kila kitabu cha udongo nilichoweza kukipata Iringa mjini, na bado sioni kwa nini tulipaswa kufa njaa ili tulinde mto ambao wazee wetu waliukuta na wakatuachia ukiwa na maji.

Pembe ilipolia watu walishuka na majembe, kama walivyoamriwa. Walikuja wengi, wanawake kwa wanaume. Wakasimama kandokando ya vinyungu vya mama, ambavyo vilikuwa vya kwanza kutoka njiani.

"Anzeni," alisema bwana shamba.

Hakuna aliyeanza. Kwetu Uheheni, watu wakiitwa kulima shamba la mtu, hagusi mtu udongo kabla ya mwenye kazi kupiga jembe la kwanza. Wengine humtazama anavyopiga, kisha huendelea vilevile. Na jioni aliyepiga jembe hilo ndiye anayewanywesha pombe. Hatukupanga hila yoyote. Hivyo ndivyo mikono yetu ilivyofundishwa.

Mama aliketi juu ya tuta lake, jembe amelilaza mapajani.

Bwana shamba alinigeukia. "Wewe unajua kusoma. Umefanya kazi kwa Wazungu. Anza, wenzako wakufuate."

"Shamba si langu, bwana."

"La nani?"

"La mama. Yule pale."

"Basi mwambie aanze."

"Anakusikia," nilisema. "Kiswahili anakijua."

Mama hakuinua macho. "Mwambie na yeye," aliniambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "kwamba nimelima mimi. Anayetaka kubomoa, jembe hili hapa."

Mwanzagila alikuwa amesimama kando ya bwana shamba muda wote huo. Alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mzaliwa wa bonde la jirani. Bibi mmoja aliyekuwa karibu yangu, ambaye kwa ukoo mwanzagila alikuwa mjukuu wake, akamwita kwa utani wa kibibi.

"Mume wangu, jua linapanda. Utapiga jembe, au umekuja kutuonyesha viatu?"

Watu wakacheka. Bwana shamba hakuelewa kicheko kile, akamwambia mwanzagila kwa ukali kwamba kama watu wanamtaka yeye aanze, na aanze. Mwanzagila akavua koti. Akachukua jembe la mama mapajani mwake, kwa mikono miwili na heshima zote, akaingia kwenye mfereji. Akapiga.

Akapiga kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe: jembe lilichimba mferejini, udongo ukapanda juu ya tuta, ukakaa kwenye shina la mahindi. Akapiga tena, vilevile.

Bibi yule akapiga kigelegele, na majembe yote yakaingia. Bwana shamba alipoona udongo unaruka, aliridhika. Alimwachia tarishi kazi ya kusimamia, akaenda kukagua bonde la pili. Mwanzagila alisimama mferejini, jembe mkononi, akitazama watu wakipalilia na kuinua matuta. Angeweza kuwazuia, lakini hakuwazuia. Mpaka leo sijui kama mkono wake ulikosea au ulikataa. Sikumwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwa.

Bwana shamba aliporudi alasiri alikuta vinyungu vimepanda kuliko asubuhi, na mifereji imesafishwa kutoka juu hadi mtoni.

"Hii ndiyo kubomoa?"

"Tumefuata jembe la mwanzagila," bibi alimjibu. "Sasa tunakwenda kwake kunywa."

Na tulikwenda. Mke wa mwanzagila alitoa pombe ya ulezi bila kuuliza, maana habari zilikuwa zimemfikia kabla yetu.

Wiki iliyofuata mama aliitwa barazani. Bwana shamba alikaa kitini pembeni. Mwanzagila alisoma kosa: kukataa amri ya kubomoa.

"Kazi uliianzisha wewe," mama alimwambia.

"Najua, mama." Alitazama meza. "Faini ni shilingi thelathini, au kifungo cha mwezi mmoja. Na vinyungu vibomolewe."

"Faini nitalipa. Kubomoa, sibomoi. Tafuteni mtu wa kupiga jembe la kwanza."

Baraza lilijaa, na hakuna aliyejitokeza. Bwana shamba mwenyewe angeweza. Alitutazama, akafunga vifungo vya koti lake. Naamini siku hiyo alikwisha kujua kwamba akipiga atapiga peke yake, tuta kwa tuta, bonde zima.

Nilimpa mama noti ya shilingi ishirini, na kumi zilizobaki zilitoka kwa mbuzi aliyeuzwa siku hiyohiyo. Mahindi yaliiva Desemba. Tulikula mpaka Machi, na Juni tuliinua matuta upya, palepale, karibu na mto, na hakuna aliyekuja na pembe. Wapo wanaosema tulishindwa kwa kuwa tulilipa. Hesabu ninayo: bonde lilibaki letu, na hasara yote ilikuwa shilingi thelathini.