Isale Niliyoipokea kwa Baba

Nakumbuka asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, nyumbani kwetu Marangu, wiki ya tisa tangu nipasuliwe goti hili la kulia. Nilikuwa mpagazi wa mlimani, na pia ya goti ilikuwa inahama upande kila niliposhuka na mzigo. Hospitalini kule Moshi, daktari alichukua kano nyuma ya paja langu mwenyewe, akalishikiza kwenye ile pia isihame tena. Akaniambia kano hilo ni sawa na mgomba uliohamishwa, halitaki kutikiswa kabla halijashika. Miezi sita nisibebe kitu.

Miezi sita! Nami kijana, Krismasi imekaribia, ndugu wote wanapanda kutoka Dar, wanikute na magongo? Nilikuwa na kiburi, sikufichi.

Baba alikuwa anakata ndizi za kupikia mbege, pombe yetu, kule chini kihambani, kwenye shamba letu la migomba. Akaniuliza, "Daktari amesemaje? Unaweza kubeba?"

"Ameniruhusu, baba."

Akanitwika mkungu mmoja, tena alinichagulia mdogo. Sikufika nao nyumbani. Kwenye mteremko niliteleza, mguu ukajipinda, pia ya goti ikahama, nikalia mbele ya majirani.

Daktari alilishika goti, akalipapasa. "Kano limekatika," akasema. "Sasa itabidi nichukue kano jingine kwa kupasua mguu wa kushoto, ambao hauna kosa lolote."

Iliniuma, lakini si hilo nililokuitia. Niliporudi nyumbani, baba aliingia chumbani kwangu ameshika isale, lile jani letu la kuombea msamaha, amelifunga fundo. Mzee mzima, mbele ya mwanawe.

"Nisamehe," akasema. "Mimi ndiye niliyekutwika."

Nikaipokea. Nilipaswa kuikataa, nimwambie kwamba nilimdanganya, lakini niliona aibu. Nikajisemea nitamwambia nikipona. Nikapona, nikapanda mlima tena, na kila baridi iliponifanya nichechemee, baba aliinamisha macho. Alikufa akiamini yeye ndiye aliyeniharibu goti. Hadi leo moyo unaniuma, mwanangu, na hakuna daktari wa kunipasua hapo.

Sasa na wewe una mshono gotini na kano lililohamishwa kama langu, na jana nilikusikia ukimwambia mama yako umeruhusiwa kupanda mlima wiki ijayo. Sikuuliza kitu. Nakuambia tu, lipe goti muda wake wote, hata kama msimu wa wageni utapita na wenzako wakucheke. Na kama umemdanganya anayekupenda, usimwachie abebe kosa lako. Mwambie angali anasikia.

Mungu alishikishe hilo kano, akupe miguu ya kukufikisha uzeeni na moyo mwepesi wa kwenda nao. Haya, chukua magongo yako. Mama yupo jikoni.