Mzinga Tuliombebea Kasuku wa Baba

Wenzangu tuliozaliwa wakati wa Mdachi, mnajua tulikuwa watoto wa namna gani. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, tukafinyanga ng'ombe wa udongo mpaka kucha zikajaa matope, na mama akiita mara moja, umeshafika. Hawa wajukuu zangu nawaita mpaka koo linakauka, wananijibu "nakuja" huku wamelala.

Nyumbani kwetu Chamwino tulikuwa na kitu ambacho hakikuwa katika tembe nyingine yoyote: kasuku. Baba alikuwa mpagazi, alimtoa huko Ujiji, wa kijivu, mkia mwekundu kama kidonda. Ndege yule alimwiga Baba barabara. Jua likizama tu, anasema, "Mama Chiku, maji yangu yako wapi?" Chiku ndiye mimi. Baba alipochukuliwa kwenda kujenga reli, ndege hakuacha. Kila akisema, Mama aliinuka nusu, kisha akakaa tena. Sisi watoto tulicheka. Baadaye hatukucheka.

Siku moja kasuku alianza kukohoa. Kikohozi kikavu cha mtu mzima, kinachotoka chini kabisa kifuani, na mwisho wake anavuta pumzi kama anapanda mlima. Baba hakuwahi kukohoa hivyo nyumbani. Hakuna aliyekohoa hivyo nyumbani.

Mama akamwambia Bibi, mzaa Baba, "Mama, mwanao anaumwa. Nakwenda kumtafuta, na ndege huyu ataniitia."

"Ndege akikohoa unafunga safari?" Bibi akasema. "Kesho mbuzi akipiga chafya utakwenda wapi?"

Lakini ni Bibi huyohuyo aliyehangaika kutafuta cha kumbebea. Kwanza tenga la kuku. Kasuku alilikata kwa mdomo kabla ugali haujaiva. Kisha tundu la waya, tulilopewa na mpishi wa Mdachi, zuri, linang'aa. Mama akaligeuzageuza, akaliweka chini.

"Askari wa njiani wanapora hata kuku wa mgonjwa. Wakimwona huyu je?"

Bibi akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi na mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa, bado linanukia nta. "Haya, nani atatia mkono humu?"

Wakamwingiza ndege, wakaziba kwa kifuniko chenye matundu. Halafu sauti ya Baba ikatoka mle ndani, nzito, kama ya mtu aliye chini ya ardhi: "Mama Chiku." Bibi, aliyezoea kufukuza fisi kwa mwiko, alirudi nyuma akashika ukuta.

Tukaondoka, Mama na mzinga kichwani, mimi nyuma na kibuyu cha maji. Njiani askari akatusimamisha.

"Mmebeba nini?"

"Nyuki, bwana."

Mzinga ukakohoa. Askari akautazama mzinga, akamtazama Mama, akatupisha njia.

Kambini kwenye reli vumbi lilikuwa limewafanya wanaume wote kuwa mtu mmoja. Mama aliuliza huku na huku, hakuna aliyemjua Baba. Akautua mzinga, akakaa kando yake. Jua likazama.

"Mama Chiku, maji yangu yako wapi?"

Kambi nzima ikageuza vichwa. Kutoka kwenye lundo la mawe akainuka mtu, mifupa mitupu, akaja akapiga magoti mbele ya mzinga. Akakohoa. Kikohozi kilekile. Alikuwa Baba. Akafungua mdomo aseme na Mama, midomo ikacheza, hakuna kilichotoka.

Msimamizi alimwachia, maana mgonjwa habebi mawe. Kifua kilipona, sauti haikurudi mpaka anakufa. Jioni ndege akiomba maji, Mama alimpelekea Baba, naye aliyapokea na kuitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, hayo ndiyo aliyoyataka.

Siku hizi wajukuu zangu wanafungua redio, sauti isiyo na mtu inajaa nyumba, wao wanakata viuno. Hakuna anayeshtuka, hakuna hata anayegeuza shingo. Sisi tulipoisikia sauti ya Baba, kwanza tulimtazama mdomo, tuone kama ni yeye au ndege.